Kutembea, baiskeli, vyuma au ukuta? Mazoezi ya kurudisha moyo kwa mzee mwenye presha

Swali huulizwa na mke, mara chache na mgonjwa mwenyewe. Mzee kakaa kwenye benchi, karatasi ya hospitali kaikunja mara nne akaitia mfuko wa shati, na mama ndiye anayesema: "Mwanangu, wametuambia afanye mazoezi. Mazoezi gani? Huyu si atanifia njiani?"

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Tanga. Wagonjwa wananiita daktari wa mazoezi na nimeshaacha kuwasahihisha. Jibu la haraka kwa mama ni "atembee", na mara nyingi ndilo jibu lenyewe. Lakini aliyewekewa stenti (kibomba cha wavu kinachoacha mshipa wa moyo wazi) na aliyepasuliwa kifua hawaanzii mahali pamoja, na mwenye magoti mabovu hawezi kupewa karatasi ya mazoezi ya mwenye magoti mazima. Kwa hiyo nitaweka watu wawili mbele yenu, kila mmoja nimemshona kwa vipande vya wagonjwa wengi asije akajulikana mtu.

Wa kwanza ni fundi cherehani wa miaka 71. Presha anaishi nayo miaka mingi; akapata shambulio la moyo, mshipa ukazibuliwa, stenti ikawekwa. Anameza bisoprololi, amlodipini, aspirini na klopidogreli. Maisha yake yote amekwenda kibandani kwake kwa baiskeli. Wa pili ni bibi wa miaka 68, magoti yanamlia, na wiki tisa zilizopita alipasuliwa kifua kupandikizwa mishipa ya moyo. Dawa yake ya presha ni ile ya mbili ndani ya moja, losartani iliyochanganywa na ya kukojoza. Bomba la maji kwake liko uani, na ndoo hazina habari kama yeye kapasuliwa.

Kwanza hofu ya mama

Hofu hiyo madaktari wenyewe waliwahi kuwa nayo. Mpaka miaka ya 1940 aliyepata shambulio la moyo alilazwa wiki sita au zaidi, akilishwa na kugeuzwa kama mtoto mchanga. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, madaktari wa moyo wa Boston, Marekani, waliandika habari za wagonjwa waliowatoa kitandani mapema na kuwakalisha kwenye kiti, wakaendelea vizuri. Mwaka uliofuata Jerry Morris, mtafiti wa Uingereza, alichapisha matokeo yake kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Basi ni lilelile: dereva kakaa siku nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi siku nzima. Makondakta ndio waliougua moyo kwa uchache, na hata walipougua haukuwaua kama ulivyowaua madereva.

Tangu hapo ushahidi umejazana. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 85 yenye wagonjwa zaidi ya 23,000 wa mishipa ya moyo. Waliopewa mazoezi walikufa kwa moyo kwa uchache na kurudi wodini kwa uchache kuliko wasiopewa.

Na kufia njiani je? Mwaka 2012 watafiti wa Norway walihesabu saa za mazoezi za wagonjwa wa moyo 4,846 waliokuwa chini ya uangalizi. Kwenye mazoezi ya kiasi, moyo ulisimama mara moja katika saa 129,456. Nimewahi kupiga hesabu hiyo na mama mmoja kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki: mzee akitembea saa mbili na nusu kwa wiki, saa hizo atazimaliza baada ya karibu miaka elfu moja. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Ni kweli kwamba wale walikuwa na wataalamu pembeni yao na mzee wetu yuko barabarani na bodaboda, lakini hofu ikishapunguzwa na namba, mtu husikiliza yanayofuata.

Mashine kabla ya viatu

Presha ipimwe, tena ipimwe sawasawa. Mtu kashuka kwenye bajaji, kapanda ngazi, mkono wa shati umekunjwa mpaka unambana kwapani, na huku anaulizwa habari za wajukuu: mashine inasoma 178 ya juu. Mpeleke haja ndogo, mkalishe dakika tano mgongo ukiegemea, nyayo zikiwa sakafuni, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, mdomo umefungwa: 152. Mtu yuleyule na vidonge vilevile. Ungemzuia mazoezi kwa sababu ya shati.

Ikiwa baada ya kutulia hivyo ya juu bado imefika 180 au ya chini 110, siku hiyo hakuna zoezi. Ni simu kwa kliniki. Kifua kinachobana mtu akiwa amekaa tu, pumzi inayomkatika akilala mpaka aongeze mito, miguu iliyovimba ghafla, kuzirai, vali ya moyo iliyobana: hayo ni ya daktari wa moyo kabla hayajawa yangu.

Kuna kipimo kimoja cha nyongeza ambacho hakigharimu kitu na wengi wanakiruka. Pima amekaa, msimamishe, pima tena kabla ya dakika tatu kwisha. Ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, huyo akisimama damu inabaki miguuni. Mazoezi ya kuinama na kuinuka haraka hayamfai, na sababu ya kuanguka kwake bafuni mwezi uliopita pengine umeshaipata.

Kutembea na baiskeli

Fundi alitaka baiskeli yake. "Miguu hii inajua pedali kuliko inavyojua ardhi," akaniambia. Tanga ni tambarare na baiskeli zimejaa, kwa hiyo hoja yake si ya kudharauliwa.

Kwa moyo na presha, haya mawili ni ndugu. Misuli mikubwa ya mapaja inakaza na kulegea kwa mpigo mmoja, mishipa ya miguuni inafunguka, presha ya juu inapanda taratibu kadiri kazi inavyoongezeka, ya chini inabaki palepale au inashuka kidogo. Ukimaliza, presha hushuka chini ya ulipoanzia na kukaa hapo kwa saa kadhaa. Ndiyo maana nawaambia zoezi la leo ni kama kidonge cha leo. La wiki iliyopita halifanyi kazi leo.

Tofauti iko kwenye breki. Anayetembea anaweza kupunguza mwendo mpaka ukawa wa kobe, na akichoka anaegemea ukuta wa mtu. Baiskeli ina mwendo wa chini ambao ukiupita unaanguka. Ikija kusi ikikupiga usoni, au barabara ikiwa na mchanga, kazi ya chini kabisa ya kuiweka baiskeli wima tayari ni kubwa kuliko moyo wa wiki ya pili unavyotaka. Hapo ndipo mzee anapoushika usukani kwa nguvu, na kushika kwa nguvu kunapandisha presha kwa njia yake (tutafika). Mwisho kabisa kuna klopidogreli na aspirini: mtu anayemeza zote mbili akianguka, damu haisimami upesi, na kichwa kikigonga lami ni safari ya hospitali hata kama anasema hajambo.

Kwa hiyo nilimwambia fundi atembee kwanza. Dakika 10 asubuhi, 10 jioni, njia tambarare yenye vibaraza vya kukaa. Kila wiki aongeze dakika mbili tatu kila safari, mpaka zifike 30 kwa siku, siku tano. Hizo ndizo dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka kuwa kiwango cha chini kwa watu wazima, wazee wakiwemo. Baada ya wiki sita bila kifua kubana wala kizunguzungu, baiskeli irudi: bila mzigo nyuma, mapema kabla magari hayajajaa, na aanze kwa njia fupi anayoijua.

Kasi ndiyo iliyotupa taabu. Mwanawe aliyeko Muscat alimletea saa ya mkononi inayohesabu mapigo, na saa ikawa inamwambia kila siku kwamba bado hajafika. Bisoprololi inashika mapigo ya moyo; mwili unaweza kuwa unahangaika na saa ikasoma 85. Fundi akawa anaifukuza ile namba mpaka siku moja akarudi nyumbani midomo imepauka. Anayemeza dawa za kundi hilo (bisoprololi, atenololi, kavedilolo) asitumie hesabu za mapigo anazozikuta kwenye simu. Hospitali hutumia kipimo cha Gunnar Borg, Msweden, ambacho mgonjwa mwenyewe hutaja anavyojisikia kuchoka, kinachoanza 6 na kuishia 20, ambapo 6 ni kukaa tu na 20 ni mwisho wa nguvu zote. Mgonjwa wa moyo anayeanza hutakiwa awe kwenye 11 hadi 13. Mtaani kipimo chake ni hiki: aweze kusimulia habari kwa sentensi nzima, lakini akitaka kughani kaswida pumzi isimtoshe.

Kingine kuhusu fundi ni kusimama. Amlodipini inafungua mishipa, na kutembea kunaifungua zaidi. Mzee akitoka kwenye mwendo wa haraka akasimama ghafla dukani kununua vocha, damu inajikusanya miguuni na duka linaanza kuzunguka. Dakika tano za mwisho ziwe za mwendo wa kutoka msikitini, si wa kuwahi daladala.

Sasa bibi. Yeye magoti yake yalikataa kutembea zaidi ya nyumba nne. Na hapa kuna mtego ambao nauona kila mwezi: goti linauma, jirani anampa diklofenaki, maumivu yanaisha, mazoezi yanaendelea, na presha inapanda wiki hadi wiki bila mtu kujua kwa nini. Diklofenaki na ndugu zake zinapandisha presha, zinasumbua figo hasa zikikutana na losartani na dawa ya kukojoza, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo diklofenaki ni hatari kwa moyo wenyewe. Kama bei ya kutembea ni kidonge hicho kila siku, basi kutembea si bure tena.

Bibi nilimpa baiskeli isiyokwenda popote. Uzito wake unabebwa na kiti, goti linazunguka bila kugonga, hakuna mwendo wa chini wa kuogopa, na jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: naweza kumpima presha huku anapiga pedali. Ya juu inatakiwa ipande kiasi. Ikishuka huku kazi inaongezeka, tunasimama na daktari anaambiwa. Sharti moja tu: mikono ipumzike, asivute usukani, kwa sababu mfupa wa kifua uliokatwa huchukua wiki 8 hadi 12 kuunga. Ubaya wa baiskeli hiyo ni kwamba iko kwangu na bibi yuko kwake. Siku ambazo hakuja alikaa kwenye kiti kigumu akipiga zile pedali ndogo za kuweka sakafuni, ambazo mjukuu alizipata kwenye duka la vifaa vya hospitali. Zilikuwa zikiteleza mpaka wakaweka mkeka wa mpira chini yake.

Vyuma na ukuta

Hapa ndipo kelele za mtandaoni zilipo. Mwaka 2023 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha uchambuzi wa majaribio 270 yenye watu 15,827, na matokeo yake yamekuwa yakizunguka kwenye simu za watu. Wastani wa kushuka kwa presha ya juu na ya chini, kwa milimita za zebaki, ulikuwa hivi:

| Zoezi | Ya juu | Ya chini |
|---|---|---|
| Kukaza misuli tuli (ukuta, kubana kiganja) | 8.24 | 4.00 |
| Ya pumzi (kama kutembea) na ya nguvu (kama vyuma) kwa pamoja | 6.04 | 2.54 |
| Vyuma, mikanda ya mpira | 4.55 | 3.04 |
| Kutembea, kukimbia, baiskeli | 4.49 | 2.53 |
| Kasi kali na mapumziko | 4.08 | 2.50 |

Ukiisoma harakaharaka utasema: basi mzee akae ukutani. Mjukuu wa fundi alisema hivyohivyo, tena kwa furaha, kwa sababu zoezi la ukuta linachukua dakika 14 tu mara tatu kwa wiki. Unaegemea ukuta kama uliyekaa kwenye kiti kisichokuwepo, dakika mbili, unapumzika dakika mbili, mara nne. Waliosoma zamani wataikumbuka kama adhabu.

Jedwali haliongopi, ila linajibu swali jingine. Linasema presha ya kupumzika imefika wapi baada ya wiki nyingi. Halisemi presha ilifika wapi *wakati* mtu kakaa ukutani, mapaja yanatetemeka. Na uchambuzi ule haukuwa wa wagonjwa wa moyo walio kwenye kupona. Ukitembea, misuli inafungua njia ya damu. Ukikaza tuli, misuli inaibana mishipa iliyomo ndani yake, na presha ya juu na ya chini zote zinapanda kwa pamoja dakika zote mbili. Mzee akiongeza kosa la kuzuia pumzi, inapanda zaidi. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyua vyuma vijana kwa sindano ndani ya mshipa wakati wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu: wastani ukafika 320 kwa 250. Hao walikuwa vijana wenye moyo mzima. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na bibi anayeinama, anavuta pumzi, anaishika pumzi na kuinua, anafanya zoezi hilo bila jina lake.

Kwa hiyo kati ya haya mawili, mimi naanza na yale ya nguvu yanayokwenda na kurudi, tena mepesi, halafu ukuta uje baadaye au usije kabisa.

Zoezi ninalolipenda halihitaji chuma. Kiti cha plastiki kigumu, mgongo wake ukutani kisikimbie. Mzee anakaa nusu ya mbele ya kiti, mikono kaivusha kifuani, anainuka huku anatoa pumzi kama anayepoza chai, anasimama wima, anakaa taratibu bila kujitupa. Mara nane mwanzoni. Akifika 15 na bado anaweza kuzungumza, tunaongeza mzunguko wa pili au tunampa chupa ya maji ya lita moja na nusu aikumbatie. Kwa bibi lilikuwa zuri maradufu: halitumii mikono, kwa hiyo kifua kinapumzika, na ndilo linalomrudishia uwezo wa kuinuka chooni bila kuita mtu. Kwa wiki zile za kifua nilimwekea mpaka wa kilo nne au tano kwa mikono. Wajukuu wakachota maji kwa madumu madogo, wakilalamika.

Bibi ndiye aliyeniuliza kuhusu sijda, maana akisujudu anabeba uzito kwa mikono na akiinuka anaona nyota. Alikuwa tayari anaswali kwenye kiti; alitaka tu kusikia kwamba hakuwa mvivu. Hakuwa.

Mkanda wa mpira unakuja baada ya mfupa kuunga, mara 10 hadi 15, siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Mikono ikifanya kazi ileile, presha hupanda kuliko miguu ikiifanya, hasa ikiinuliwa juu ya kichwa, kwa hiyo mkanda uvutwe usawa wa kiuno kwanza.

Na ukuta? Fundi aliufikia mwezi wa nne, presha yake ikiwa imetulia chini ya 140 na daktari wake akiwa ameridhia. Tulianza magoti yakiwa yamekunjwa kidogo tu, nusu dakika, akihesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi. Ni hila ndogo lakini inafanya kazi. Kubana kiganja ni rahisi zaidi kwa mwenye magoti mabovu: theluthi ya nguvu zako zote, dakika mbili, mapumziko, mara nne kwa jumla. Fundi alisema mkasi wake wa kukatia suti umeshamfanyisha hilo miaka 50. Sikubishana naye, ila nilimwonyesha kwamba mkasi hauulizi theluthi.

Jogingi, kasi kali, na maji

Vikundi vya jogingi vya Jumamosi ni raha: fulana za rangi moja, nyimbo, supu mwishoni. Kwa mzee wa moyo tatizo ni kwamba kundi ndilo linalochagua kasi. Aende, lakini awe na mwenzake wa kubaki nyuma, na supu aionje chumvi kwanza.

Kasi kali kwa vipande inaongeza uwezo wa pumzi haraka. Katika hesabu ileile ya Norway, moyo ulisimama mara moja kwa saa 23,182 za mazoezi ya namna hiyo. Bado ni mara chache, ila si kwa mtu aliye peke yake nyumbani. Ukiangalia mstari wa mwisho wa jedwali, kwa presha faida yake haizidi ya kutembea. Sioni sababu.

Bahari ya Raskazone maji yakiwa shwari inamfaa mwenye magoti, akitembea ndani ya maji ya kiunoni. Maji yakifika kifuani yanasukuma damu kuelekea moyoni, na moyo dhaifu unaojaa maji haupendi hilo.

Hospitali, nyumbani

Marekani mgonjwa hupewa vipindi 36, kwa kawaida ndani ya wiki 12, akiwa amefungwa waya za kusoma moyo. Kwetu, mtu wa Tanga aliyepasuliwa Dar es Salaam akiambiwa arudi huko mara tatu kwa wiki ni kichekesho. Ni zaidi ya kilomita 300 kwenda tu. Bahati nzuri majaribio yaliyolinganisha moja kwa moja yameonyesha kwamba mazoezi ya nyumbani yaliyopangwa na kufuatiliwa huzaa matokeo yanayofanana na ya kituoni, kwa wale ambao hatari yao ni ndogo.

Neno zito hapo ni "kufuatiliwa". Nyumbani si "kafanyeni mazoezi" ya mlangoni. Ni daftari la kurasa 40 lenye presha ya asubuhi, dakika alizotembea, alivyojisikia, na simu ya Jumatatu. Nani asifanyie nyumbani mwanzoni? Mwenye moyo uliochoka kusukuma, mwenye mapigo yanayoruka, ambaye kifua kinabana kwa hatua chache, na anayeishi peke yake. Huyo apate hata vipindi sita vya kuangaliwa, auze kuku ikibidi.

Popote alipo, wakati wa zoezi kifua kikibana, au maumivu yakienda mkononi au tayani, anasimama na kukaa. Aliyepewa kidonge cha chini ya ulimi akiweke akiwa amekaa, maana kinashusha presha ghafla. Dakika tano zikipita bila nafuu, ni gari, si maombi ya jirani.

Saa ngapi?

Fundi, alfajiri baada ya swala, kwa sababu jua la Tanga la saa tatu si la mchezo. Bibi alikuwa na hesabu tofauti. Dawa yake ya kukojoza anaimeza asubuhi, na saa mbili za mwanzo haondoki karibu na choo. Akifanya mazoezi kwenye joto huku maji yanamtoka kwa njia mbili, presha inashuka mno. Alihamia jioni, saa kumi na moja, glasi ya maji kabla, kwa kipimo alichoruhusiwa na daktari. Mwezi wa Ramadhani aliyasogeza mazoezi baada ya futari nyepesi, na saa za dawa zikapangwa upya kliniki, si kwa ushauri wa shoga yake.

Mazoezi ya kusimama sawa, ambayo Shirika la Afya Duniani linayataka siku tatu kwa wiki kwa wenye miaka 65 na kuendelea, hayachagui saa. Bibi anayafanya akiwa ameshika ukingo wa meza ya jikoni wakati chai inachemka, mguu mmoja juu, halafu mwingine.

Fundi sasa anatembea na mkewe, yule aliyeniuliza kama mumewe atamfia njiani. Saa ya Muscat imebaki kwenye droo ya cherehani. Mama anatembea hatua moja mbele na kila wakifika kwenye kona anamtupia swali: samaki jana walikuwa bei gani, yule mteja wa suti alilipa? Fundi akijibu kwa maneno kamili, wanaendelea. Akijibu kwa kutikisa kichwa, mama hana la kuuliza tena. Anapunguza mwendo mpaka jibu litoke.